Byamungu, Usilipie Ile ya Kumi na Tano

Mpendwa mdogo wangu Byamungu,

Leo ni Alhamisi. Ulisema Jumamosi asubuhi, saa za huko kwenu Kanada, utakwenda yadi kulipia gari. Tangu mchana nimekaa hapa dukani Lodwar na simu mkononi, naandika nafuta, naandika nafuta, mpaka mteja mmoja ameniuliza kama nimefiwa. Mara tatu nimerekodi sauti nikaifuta vilevile. Sauti yangu unaijua. Nikianza kusema naanza kujitetea, na nikijitetea nashinda hata nikiwa na makosa. Afadhali niandike.

Barua hii naiweka kwenye kundi letu la gereji, mbele ya watu wote, kwa sababu hapa ndipo nilipokudanganya. Mkitaka kucheka, jamani, chekeni. Nimewacheka nyinyi miaka mingi.

Usilipie ile ya kumi na tano, ile nyekundu ya mwaka wa 2015. Nimeanza na hilo ili hata ukichoka kusoma njiani, au mtoto akikunyang'anya simu, uwe umelipata. Mengine yote ni kueleza kwa nini mtu unayemwita Shefu alikwambia uinunue.

Unakumbuka siku uliyokuja? Gereji yangu ilikuwa bado pale Kakuma mjini, kando ya barabara, mabati machache na kontena moja. Ulitoka kambi ya wakimbizi kwa miguu, shati limepigwa pasi mpaka mkunjo umesimama, nikadhani ni mhubiri. Nikakuambia leo hatuna sadaka. Ukacheka, ukasema, "Shefu, miye natafuta kazi. Ku Bukavu nilikuwa natengeneza motere na baba mudogo." Nikakupa karai la petroli na rundo la nati za lori uzioshe. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nampa mtu ninayetaka aondoke mwenyewe. Uliziosha zote, ukazipanga kwa ukubwa, halafu ukaniuliza kwa upole kama ninajua kwamba mbili kati yake si za lori lile.

Nikakujibu kwamba najua. Sikujua. Nimeamua kusema kweli leo, basi wacha niiseme kuanzia kwenye nati.

Tuliishi vizuri, hilo hakuna wa kulipinga. Mkeo Mapendo alikuwa akikufungia sombe, kisamvu chenu, kwenye bakuli la bati, na mimi, mtu wa Kitale niliyekulia sukuma wiki, nilianza kwa kukunja pua nikaishia kukulia nusu. Nilikuwa nakuhimiza, "Maliza haraka, kazi inangoja," na kijiko ninacho mimi. Wewe unacheka tu. Joto likizidi tulikuwa tunalala chini ya lori la mteja, migongo kwenye maturubai, nawe unaniimbia nyimbo za kwaya ya kwenu kwa sauti ya pili, kisha unanisimanga kwamba Wakenya tunaimba kama tunagombana. Ukisikiliza injini ulikuwa unaweka ncha ya spana kwenye chuma na mpini kwenye sikio, unafumba macho, kisha unataja ugonjwa. Hukuwahi kukosea, na mimi sikuwahi kukusifu mbele ya mteja. Nilikuwa nasubiri uondoke kidogo, halafu namwambia mteja ugonjwa ule ule kwa maneno yangu.

Nilipenda kuwa mkubwa wako. Wewe ulikuwa na kadi ya chakula, mimi nina kitambulisho. Tukipata kazi nje ya Kakuma ilibidi uwe na karatasi ya ruhusa, na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda ofisini kuiulizia. Kwenye vizuizi vya polisi nilikuwa nashuka mwenyewe na kifua mbele, nasema, "Huyu ni fundi wangu, yuko na mimi." Wewe unakaa kimya ndani ya pikapu, umepakata sanduku la spana. Nilikuwa nafurahia safari zile kuliko nilivyowahi kukiri.

Sasa tuje kwa Mjusi.

Wenzetu wengi humu wanaijua hadithi ya Mjusi jinsi nilivyoisimulia mimi. Yule kijana wa Nairobi aliyekuwa anakuja harusi ya rafiki yake Lodwar, na gari lake la spoti la buluu, milango miwili, viti viwili, tumbo karibu liguse lami. Lilimchemkia njiani, pale Kalemng'orok. Dereva wa lori akampa namba yangu. Nilimuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: gari gani, na ni ya mwaka gani? Akasema, "Boss, hii ni mpya kabisa. Cheki namba yake, herufi ni za juzi tu."

Na mimi nikaamini herufi. Sisi Wakenya ndivyo tulivyo. Gari likipita tunasoma herufi za namba kabla hatujamtazama dereva, tukiona ni za karibuni tunasema jamaa ana gari jipya, heshima inapanda hapo hapo. Tunasahau kwamba zile herufi zinasema gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Lilitengenezwa lini huko lilikotoka, hilo halimo. Nikapiga simu Kitale nikaagiza pampu ya maji ya mwaka niliousoma kwenye herufi, ipandishwe kwenye basi linalopita Kainuk. Sisi tukatoka Kakuma alfajiri na karatasi yako ya ruhusa.

Tulipofika hukugusa boneti. Uliingia ndani ya gari, ukavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, ukasoma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa huko chini. Ukanifuata nyuma ya pikapu, ukaninong'oneza ili mwenye gari asisikie: "Shefu, hii motoka haiko ya ule mwaka. Mukaba unasema ingine. Iliingia Kenya juzi, lakini ilizaliwa zamani. Bodi ni ile ya mbele, ile ya zamani."

Nami nikakujibu kwa sauti ya juu ili asikie: "Wewe shika spana. Mambo ya mwaka niachie mimi."

Basi likaleta pampu. Haikukaa. Matundu ya bolti yalipishana upana wa kidole. Niliigeuza, nikaipindua, nikaitukana mama yake. Watu walikuwa wameshajaa, wauza mkaa, wachungaji, abiria wa lile basi walioshuka kununua maji. Mama mmoja akasema jambo kwa Kiturkana, uwanja mzima ukaangua kicheko, na mpaka leo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Kijana wa Nairobi akaniangalia jinsi mtu anavyomwangalia daktari aliyeshika sindano kichwa chini.

Wewe hukucheka. Ulifungua ile pampu ya zamani, ukaona ni gasketi tu iliyokufa. Ukachukua boksi la ile pampu mpya niliyoagiza, ukakata gasketi nyingine kwenye karatasi yake ngumu kwa kisu, ukaipaka gundi, ukaifunga. Boksi ndilo lililofaa, pampu yenyewe nikarudi nayo. Saa moja baadaye gari likawaka likatulia, sindano ya joto imekaa katikati.

Na yule kijana akakurushia funguo. Alikurushia wewe. "Fundi, lijaribu tuone." Gari lina viti viwili, yeye akakaa kimoja.

Ulinitazama kwanza, hilo nalikumbuka. Ulisimama na funguo mkononi ukanitazama, ukingojea niseme neno. Nikasema, "Nenda, unaogopa nini?" Mkaenda upande wa Lokichar. Nilisikia turbo ikipiga mluzi mpaka ikapotea. Nikabaki na sanduku la spana na mbuzi wa watu. Yule mama aliyewachekesha watu akaniletea kiti cha Kiturkana, kile kidogo cha mbao, akanisalimu, "Ejok?" yaani, ni salama? Nikasema ejok. Haikuwa ejok hata kidogo.

Uliporudi ulishuka mbio. "Shefu! Inatambaa chini chini sawa mujusi, halafu inaruka!" Ukanishika bega, ukasema, "Siku moja tutanunua yetu, miye na weye." Nikasema ndiyo, siku moja. Nilikuwa na hasira. Njia nzima ya kurudi wewe ulikuwa unaelezea usukani ulivyokuwa mwepesi, gia ilivyokuwa inaingia, na mimi natazama barabara.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu Selina kwamba mimi ndiye niliyeliendesha. Nikaisimulia hivyo gereji, nikaisimulia hivyo kanisani, nikaisimulia hivyo humu. Wewe ulinisikia mara nyingi. Hukunisahihisha hata mara moja. Ulikuwa unaongezea tu, "Eeh, Shefu aliruka nayo," watu wakaniamini zaidi.

Baada ya siku ile Mjusi akawa gumzo letu la chakula cha mchana. Ulipata picha yake kwenye kalenda ya zamani, ukaibandika kwenye kontena. Tulijifunza miaka yake yote, mwaka huu walibadilisha taa, mwaka ule waliongeza gia. Hatukuwa na uwezo wa kununua hata kioo chake cha pembeni, lakini tulibishana kana kwamba tunalipa kesho. Na jambo moja tulikubaliana, wewe ndiye uliyelisema kwanza: bodi ikibadilika, yaani gari likitolewa kwa umbo jipya, usinunue ile ya mwaka wa kwanza. Kampuni inakuwa bado inajifunza, na inajifunzia kwako. Chukua ya mwaka wa mwisho wa bodi ya zamani, makosa yake yameshatolewa yote. "Hapo ndipo mutamu," ulisema, na ukalamba kijiko.

Tangu nianze kuuza spea nimeona jinsi ilivyo kweli. Kuna vipuri vinavyotengenezwa kwa mwaka mmoja tu. Kampuni inatoa bodi mpya, inaona kipuri fulani kina matatizo, mwaka unaofuata inaleta kingine, na kile cha kwanza hakitengenezwi tena. Mwenye gari la mwaka ule kikimharibikia anazunguka maduka yote, kila mtu anamwambia ajaribu kwa mwingine. Nimeshawaona wanaume wazima wakitoka hapa mlangoni na macho mekundu.

Halafu jina lako likatoka kwenye orodha ya wanaopelekwa Kanada. Nilijua mlikuwa mnangoja, mahojiano baada ya mahojiano, vipimo vya hospitali, miaka na miaka ya kuambiwa mngoje. Ulikuja gereji unakimbia na viatu visivyolingana. Nilikukumbatia, nikasema Mungu ni mwema. Nilimaanisha, lakini nusu tu. Mlipoanza kugawa vitu, kama wanavyofanya wote wanaoondoka, godoro kwa jirani, sufuria kwa mama wa kwaya, mimi ukaniletea redio yako. Niliipokea kwa mikono miwili, na moyoni nikasema, sasa huyu ndiye ananipa mimi.

Siku ya ndege nilisimama nje ya uzio wa uwanja. Sijawahi kupanda ndege, Byamungu. Mimi niliyezaliwa kwenye nchi yangu, nina kitambulisho na shamba la baba Kitale, nimekuwa nikiziona ndege zikishuka na kupaa Kakuma, na zote ni za watu wengine. Niliitazama ikigeuka angani nikawaza jambo la aibu, ambalo sijamwambia Selina wala padri. Niliwaza, laiti na mimi ningekuwa nimekimbia vita. Nilikuwa nawaza hivyo juu yako wewe, uliyenisimulia mara moja tu, chini ya lile lori, jinsi mlivyomwacha baba yenu njiani kwa sababu hakuweza tena kutembea na yeye mwenyewe ndiye aliyewaamuru mwende. Hayo niliyajua. Nikakuonea wivu hivyo hivyo.

Gereji ilinishinda miezi michache baadaye. Watu nimewaambia nilihamia Lodwar kutafuta biashara kubwa. Ukweli ni kwamba wateja walikuwa wako. Walikuwa wanakuja, wananyoosha shingo kutazama ndani ya kontena, wanauliza, "Yule Mkongomani yuko wapi?" Wakisikia hayuko, wanasema watapita tena.

Picha zako nilikuwa naziona zote. Mapendo na koti refu mpaka magotini. Mtoto na begi la shule. Wewe na kofia nyeupe ya kiwanda cha nyama, umechoka, unacheka. Nilikuwa naandika "hongera" na kuifunga simu haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Selina akinionyesha nyingine nilikuwa nasema nimeshaiona.

Ndipo mwezi huu ukaleta zile mbili.

Nilikuwa namuuzia mtu wa boda balbu. Simu ikalia, nikafungua: Mjusi wawili, mmoja wa buluu na mmoja mwekundu, wamesimama kwenye yadi safi. Na maneno yako: "Shefu, nimepata mbili. Ya buluu ni ya kumi na ine, bodi ya zamani. Ya nyekundu ni ya kumi na tano, bodi mpya. Bei haziachane sana. Weye unasema nichukue gani?"

Nilisahau kumpa yule mtu chenji. Ulisema tutanunua yetu, mimi na wewe, na sasa ulikuwa unanunua yako. Mtu niliyempa nati aoshe. Mtu niliyemshukia kwenye vizuizi. Na mimi mlangoni nina pikipiki ambayo kiti chake kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Nilikuonea wivu, mdogo wangu, wivu wenye meno.

Na usidhani nilijibu bila kufikiri, ningefurahi kama ningeweza kujificha hapo. Kabla ya kukujibu nilimpigia jamaa anayeniletea spea kutoka Nairobi, nikamuuliza kuhusu ya kumi na tano. Akacheka. Akasema lile bomba linalopeleka oili kwenye turbo ni la mwaka ule peke yake, linapasuka, na mwaka uliofuata lilibadilishwa. "Mwambie rafiki yako akae mbali nayo," akasema. Nikamshukuru. Nikakata simu. Nikabonyeza kurekodi, nikaongea dakika nne.

Mliisikia wote. "Ya kumi na tano, bila kuuliza. Bodi mpya, taa mpya, ukiiuza kesho thamani iko pale pale. Hiyo ya kumi na nne ni ya wazee wanaokwenda kuchukua pensheni." Niliweka na mambo ya kitaalamu katikati, maana najua watu wakisikia neno gumu wanakubali. Vidole gumba vikamiminika. "Shefu ni Shefu." "Hapo umemaliza." Niliyasoma moja moja, nikajisikia vizuri, Mungu anisamehe.

Sikutaka ufe. Naomba uniamini hapo. Nilitaka likuzimikie. Mara moja tu, mahali penye watu, boneti juu, moshi unatoka, na wewe umesimama kando umeshika kiuno hujui la kufanya. Nilitaka ujue ilivyo. Hapo ndipo tamaa yangu yote ilipofika.

Ukajibu baada ya saa mbili. "Miye nilikuwa napenda ile ya kumi na ine. Lakini Shefu akisema, imeisha. Asante sana Shefu." Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Ungebisha kidogo ningejisikia nafuu. Wewe ulijua, ulikuwa na jibu sahihi mkononi, ukaliweka chini kwa sababu mimi nimesema. Kama ulivyoliweka chini nyuma ya pikapu siku ile.

Selina ndiye aliyenifumania. Juzi alikuwa anatafuta kitu kwenye simu yangu, sauti ikaanza kulia yenyewe, dakika nne zote, akasimama katikati ya duka anaisikiliza. Unamjua Selina, anapanga spea kuliko mimi. Akaniuliza, "Si wewe unayewaambia wateja wasiguse mwaka wa kwanza wa bodi mpya?"

Nikasema magari ya huko ni tofauti.

"Tofauti gani? Bomba ni bomba." Akaiweka simu mezani. "Yeye alituambia kiwanda kiko mbali na mji, njia ni tupu, na baridi yake inakata vidole. Gari likizima huko nani atamletea kiti? Mapendo atakuwa amekaa kando yake, Baba Neema. Unamwonea wivu mpaka umuumize na Mapendo?"

Nikamwambia hajui anachosema. Akasema, "Najua. Nimekaa na wewe." Tangu juzi ananipakulia chakula na kuondoka, hanisemeshi ila mbele ya wateja.

Lile la kiti ndilo lililoniingia. Mimi niliposimama kando ya barabara Kalemng'orok nimeaibika, nililetewa kiti na kusalimiwa. Nilikuwa nimekupangia ukae kando ya barabara ambako hakuna mtu wa kukuletea kitu. Nikawa naliona gari limesimama, theluji kila upande, Mapendo anapuliza mikono yake, na wewe umefungua boneti unaweka sikio, unasema, ajabu, Shefu alisema ni nzuri.

Kwa hiyo nenda Jumamosi, lakini lipia ile ya buluu. Wakufungulie boneti kabla hawajaliwasha. Gusa injini kwa mkono, ikiwa ya moto ujue wametangulia kuliwasha ili wafiche ugonjwa wake, waambie utarudi kesho. Likiwa baridi liwashe mwenyewe ukiwa umefungua dirisha. Ukiona moshi wa buluu, aga uondoke hata kama wanashusha bei. Zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, usikilize. Najua unayajua haya yote kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu nilikunyima ulipoyaomba.

Na nyinyi wengine humu, mwaka wa kwanza wa bodi mpya msiguse. Zile dakika nne zifuteni. Mkitaka kuniuliza jambo kuanzia leo, muulizeni na Byamungu, mlinganishe.

Usifikiri nimepona. Ningependa kumaliza barua hii nikikuambia roho yangu imetakata, na haijatakata. Naandika "ile ya buluu" na bado naona uchungu kwamba utakaa, utafunga mlango, utaisikia ile turbo, na kiti cha pili kitakuwa cha Mapendo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Sijui huu wivu unaondokaje. Ninachojua ni kwamba naweza kukuonea wivu ukiwa mzima unaendesha. Nikikuonea wivu ukiwa umekwama nitakuwa mtu wa namna nyingine, na nilikuwa nimeshaanza kuwa mtu huyo.

Hasira ukiwa nayo, sema hapa hapa, usinifiche kwa adabu yako. Nimeishi kwa adabu yako miaka mingi kuliko nilivyostahili.

Naomba jambo moja tu, na ukikataa nitaelewa. Ukishalichukua, usitume picha kwenye kundi kwanza. Nipe muda. Siku nitakapokuwa naweza kuitazama na kufurahi, nitakuomba mwenyewe, "Byamungu, nionyeshe gari lako." Nisipokuomba, ujue bado nahangaika nalo, uniombee.

Wasalimie Mapendo na mtoto. Selina amesimama nyuma yangu anasoma kila ninachoandika. Nimemuuliza kama inatosha, amesema nitume kabla sijaanza kuipamba.

Kaka yako mkubwa,
wa gereji ya Kakuma